Vitabu Vitatu vya Kumrudisha Papa Mezani

Mimi sijui kuchora hata ndoo. Lakini leo ukiniuliza ni kitabu gani kinamfaa mtu anayeanza kuchora na kupaka rangi kwenye tableti, nitakujibu mpaka unikimbie. Papa yangu, baba aliyenizaa, ndiye aliyenifikisha hapo, na sitaki kusikia mtu akimcheka.

Papa alichora wadudu maisha yake yote ya kazi. Pale Lwiro, kwenye kituo cha utafiti, wataalamu walimletea mdudu ndani ya kichupa, yeye akamweka chini ya darubini, kisha akamchora kwa wino mweusi, mguu kwa mguu, mpaka vinywele vya miguuni. Vikiwa kumi na kimoja, alichora kumi na kimoja. Chini yake aliweka mstari mfupi wa kuonyesha mdudu mwenyewe ana ukubwa gani. Akikosea hakufuta. Alikwangua wino kwa wembe, polepole, ulimi umetoka nje kidogo, na sisi watoto tulikatazwa kupita karibu na meza.

Alipostaafu akaja kukaa kwangu Bukavu, upande wa Muhumba. Kalamu zake alizileta ndani ya kopo la maziwa ya unga, na mwaka wa kwanza alichora kila kitu kilichoingia dirishani. Halafu mkono ukaanza. Kwanza tuliona kwenye chai: akawa anataka kikombe nusu tu, kisha akakataa chai kabisa mbele ya watu, eti chai ya siku hizi haina ladha. Kisha kopo la kalamu likapanda juu ya kabati. Hakuna aliyetamka neno kutetemeka. Kwetu mtoto hamwambii mzazi wake kile mwili unachomfanyia. Mimi ambaye ofisini wananiita redio, kwa hilo nilifunga mdomo.

Papa akawa anakaa barazani tangu asubuhi, mikono chini ya blanketi, anaangalia ziwa. Mtu aliyekuwa akihesabu vinywele vya mdudu, sasa hakuwa akiangalia kitu chochote. Niliogopa. Nasema waziwazi, niliogopa kwamba ameanza kutuaga akiwa bado amekaa kwenye kiti.

Dada yangu anayeishi Ubelgiji akatuma tableti na kalamu yake. Akasema ni rahisi, kuna video nyingi. Papa aliangalia moja. Aliyekuwa anafundisha alisema mbio mbio, mkono unaruka huku na huku kama anafukuza nzi. Papa akanirudishia tableti: huyo, alisema, anaonyesha mkono wake, haonyeshi kazi. Yeye ni mtu wa karatasi, na kitu kisichoandikwa kwenye kitabu bado hajakiamini. Basi shughuli ya kutafuta kitabu ikaniangukia mimi, nisiyejua ndoo.

Cha kwanza nilikiokota sokoni Nyawera, kwa wale wanaotandaza vitabu vya Ulaya chini, pembeni ya viatu vya mitumba. Jalada lilikuwa na msichana mwenye macho kama sahani. Nilijiambia anayeanza ni anayeanza tu, awe na miaka saba au sabini. Mungu anisamehe. Papa alikifungua, akatazama yale macho, kisha akahesabu vidole vya yule msichana. Vilikuwa vinne. Alikifunga na kuniwekea mkononi, na mimi nikaenda jikoni kugombana na sufuria.

Cha pili alinipa mwenzangu wa ofisini, kwenye simu. Nikakipeleka kwa watu wa fotokopi, wakakichapa na kukifunga kwa waya, kizito kama tofali. Kilikuwa kitabu cha vibonye vya mashine: hiki kinafanya hivi, kile kinafanya vile, mamia ya kurasa. Papa alikipokea kwa furaha. Kwa wiki mbili alikisoma kwa rula na penseli, akipigia mistari chini ya maneno, na hata akagundua kosa kwenye picha moja akanijulisha kama vile mimi ndiye niliyeliandika. Nilifurahi sana. Lakini tableti ilikuwa bado imefungwa ndani ya kitambaa chake.

Mimi subira sina. Siku moja nikamuuliza kitabu kinaisha, na mashine je, itaguswa lini? Akasema ataanza siku atakayoelewa yote. Nikachukua lile tofali kwa hasira, nikafungua popote, na hapo ndipo nikaona. Mistari yake ya penseli, iliyopigwa kwa rula, ilikuwa inaruka na kushuka kama njia ya Kamituga wakati wa mvua. Kurasa zote.

Nilikirudisha kitabu mahali pake polepole. Kumbe papa hakuwa anaogopa vibonye. Alikuwa anaogopa mstari wa kwanza, ule ambao mtu mwingine angeuona. Na mimi, kwa akili yangu, nilikuwa kila jioni nasimama nyuma ya kiti chake kumwuliza ameanza?

Niliporudi ofisini nikamwuliza mwenzangu kama kuna dawa ya hilo. Akaniambia ipo, na hata kwenye lile tofali ipo: ukiiambia mashine, inausubiri mkono na kuutuliza mstari, mitikisiko inapotea. Nilitafuta. Ilikuwa sentensi moja ndani ya orodha, yenye neno ambalo hata mwalimu wa Kifaransa asingelielewa. Papa alikuwa ameshapigia mstari chini yake bila kujua ni nini.

Kumweleza mwenyewe nisingeweza. Ningesema nini? Papa, mkono wako una dawa? Kitabu ndicho kilipaswa kumwambia, na kimwambie bila kumtazama usoni.

Basi nikaanza kuchagua vitabu kama mtu anayechagua mchele. Saa za mapumziko nilisimama kwenye duka la vitabu, au nilisoma kurasa za kwanza kwenye simu, mpaka muuzaji akazoea kunisalimia bila kuniuliza nataka nini. Kimoja kilieleza vizuri kabisa, lakini kile kichwa cha somo kilisema ni kwa wazee na wagonjwa ambao mikono inawatetemeka, na kulikuwa na picha ya babu anatabasamu. Nilikiacha mbio. Kingine kilianza na rangi, kingine na uso wa mtu, kingine kilikuwa kinamsifu mwandishi wake tu.

Halafu kikaja kile chembamba, cha mama mmoja mwalimu. Ukurasa wa arobaini na mbili, kabla ya mstari wowote kuchorwa, alieleza kwamba mkono wa kila mtu unacheza, na wa kwake pia, kwa hiyo kila mwanafunzi aanze kwa kuutuliza mstari. Ajaribu kidogo, aongeze, mpaka asikie raha. Hakuna mzee, hakuna mgonjwa. Nilijaribu mwenyewe kwa kidole kwenye simu, ofisini. Ndoo yangu ikasimama kama ndoo. Nilicheka peke yangu mpaka mkubwa wangu akaja kuangalia.

Nilitamani kuweka kikaratasi kwenye ule ukurasa. Nilijizuia. Nilikikunjakunja kitabu chote, mwanzo mpaka mwisho, ili kisijifungue pale kikanisaliti. Siku ya Jumamosi nikakiweka karibu na papa, nikamwambia ni kadogo tu, nimekipata kwa bahati, kisha nikamtoa kila mtu nyumbani. Bwana yangu nilimpeleka soko la Kadutu abebe mfuko, yeye ambaye hajui hata majani ya sombe yanauzwa upande gani. Tulizunguka mpaka akaniuliza kama tumefukuzwa kwetu.

Tuliporudi papa alikuwa barazani, mikono chini ya blanketi. Lakini kitambaa cha tableti kilikuwa kimekunjwa kwa namna nyingine, na kitabu hakikuonekana. Wiki iliyofuata akaanza kuniuliza nani anatoka na anarudi saa ngapi. Nikawa nabuni safari. Sijawahi kuwatembelea wakwe zangu mara nyingi hivyo, na wao wakadhani nimeokoka.

Jumapili moja, baada ya misa, aliniita kutoka chumbani kwake. Aliniita maman, kwa sababu nina jina la mama yake. Tableti ilikuwa mezani. Ndani yake mdudu mweusi mwenye mgongo mgumu, miguu sita, mistari safi, na mgongo umepakwa kijani kile kinachong'aa, rangi ambayo wino wake haukuwahi kumpa. Chini, ule mstari mfupi wa ukubwa.

"Hesabu," alisema.

Nilihesabu vinywele vya mguu wa nyuma. Kumi na kimoja. Nikatoa pumzi niliyokuwa nimeishika tangu lile kopo lilipopanda kabati, na machozi yakanishuka hata kabla sijajua. Papa alisubiri nimalize, hana haraka.

"Ukurasa wa makumi ine na mbili," alisema. "Uliusoma mbele ya kunipa?"

"Apana, papa. Niliangaliaka tu foto."

Alinitazama juu ya miwani. Anajua nikidanganya; amenilea. Niliangalia mdudu.

"Sawa," alisema. "Leta chai. Na ujaze kikombe."

Nilijaza mpaka juu. Alikichukua mbele yangu, kwa mkono mmoja, ukitetemeka wazi wazi, akanywa, na chai ikamwagika kidogo mezani. Hakuficha mkono. Nilipangusa, tukaendelea kuhesabu mguu wa pili.