Msuko wa Delfina

Delfina Moostoos alizaliwa mwaka 1921 kando ya Ziwa la Mwari, kaskazini mwa Alberta, nchini Kanada, kwa wazazi Wakrii, wenyeji wa asili wa nchi ile, waliosali rozari kwa lugha yao. Alipotimiza miaka saba alichukuliwa kwa amri ya serikali, akapelekwa shule ya bweni ya misheni. Siku ile ile Sista Klotilde alimkalisha kitini, akamkata misuko yake. Masikini mtoto! Kwao nywele hukatwa kwa jambo moja tu, kufiwa na ndugu. Basi akajua mama yake amekufa. Alimlilia msimu mzima wa baridi, na kwa kulia kwa Kikrii, lugha iliyokatazwa shuleni, akachapwa. Kiangazi, aliporudi nyumbani likizoni, akamkuta mama mlangoni, mzima wa afya, akikaanga mkate.

Aliolewa, akalea, akazika. Imani hakuiacha, maana alisema Yesu hakushika mkasi. Ila katika Baba Yetu, ikifika "kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea," alinyamaza, kisha akaendelea na wenzake. Mapadre walimsihi, wengine wakamkemea. Aliwajibu kwa upole kwamba hawezi kumdanganya Mungu.

Mwaka 1969 Sista Klotilde, sasa mzee na mgonjwa hoi, alibaki peke yake pale misheni, hana wa kumuuguza. Delfina alijitolea, akawa anampelekea mchuzi wa samaki. Waliposali pamoja, Sista akauona ule ukimya, akauliza sababu. Akaelezwa yote.

"Sikujua, mwanangu," alisema akilia. "Hakuna aliyeniambia."

"Hukuuliza, Sista."

"Basi nisamehe."

Delfina alichukua kikapu chake akaenda zake. Aliyozungumza na Mungu njiani hakumsimulia mtu. Kesho yake alirudi na kitana, akaanza kumsuka yule mzee mvi zake. Akamtania kwamba kwa nywele chache hivi, mkasi usingepata kazi. Wakacheka wote wawili. Kisha akaanzisha Baba Yetu kwa Kikrii, na safari hii hakuruka neno.

Sista alifariki wiki ile. Mazishini Delfina alitoa mkasi, akakata msuko wake mwenyewe, akauweka ndani ya jeneza. Wakrii waliojaa kanisani waliangua kilio, kwa kuwa walielewa: Delfina amefiwa na ndugu.

Naye alilala katika Bwana mwaka 1994. Hadi leo hapa parokiani kwetu, alikosali yeye, waliogombana husukana nywele kabla ya kuungama, na wengi huinuka wamepatana. Wenye vipara hushikana mikono, na Mama Delfina huwaombea vilevile. Tumuige mpendwa wetu huyu: neno lile la msamaha tusilitamke kwa mazoea. Tulinyamazie, tukiendelea kupeleka mchuzi, mpaka tuweze kulisema.