Binti Aliyekataa "Re"

Mie mtu wa Tanga, na kweli isemwe: Kasulu nilipangiwa, sikuchagua. Nilifundisha Kiingereza kidato cha pili. Mwaka huo, 2012, kambi ya wakimbizi wa Burundi ilikuwa inafungwa, na redioni neno lilikuwa moja tu, repatriation. Nikaona nilipasue ubaoni, maana viambishi vilikuwa vinawatoa jasho wanafunzi wangu.

Re, nikawaambia, ni tena, ni kurudi. Patria ni Kilatini, nchi ya baba. Kile cha mwisho kinageuza kitendo kuwa jina, kama "rudi" inavyozaa "marudio". Haya, andikeni. Nikapita kwenye madawati mpaka kwa binti mmoja aliyezaliwa kambini. Nilimpenda, sifichi, alikipenda Kiingereza kuliko chakula. Ameandika patriation.

"We! Re umeila?"

"Sijaila, madam. Mimi huko sijawahi kufika. Nitarudije?"

Darasa likaangua kicheko, na mimi nikacheka, kisha nikaona mwenzetu hacheki. Nikajitia kumtuliza: basi tazama mzizi, ni nchi ya baba yako.

"Baba yuko hapa Kabanga, madam. Tulimzika."

Jamani! Nilisimama pale na chaki yangu kama mjinga. Kengele ilipolia akanifuata nje, akasema gari lao ni wiki hiyohiyo, na huko shule ni Kifaransa. Je, nisingemwombea kwa mama yake abaki kwangu, amalize kidato cha nne? Kazi za nyumbani atafanya zote. Nikamwambia nitakwenda, na moyoni nilishapanga kitanda chake kitakaa wapi.

Jioni nikaenda kambini. Mama alikuwa anakunja vyandarua, sufuria ziko ndani ya shuka. Akanipa kigoda pekee kilichobaki.

"Tunataha, mwarimu," alisema, yaani tunakwenda nyumbani.

Nikajieleza yote: chumba ninacho, mtoto ana akili, ada juu yangu, nitamlea kama wangu. Alinisikiliza bila kunikatiza, huku binti amesimama mlangoni ameshika kitasa.

"Baba yake namwacha hapa, mwarimu," akasema. "Na yeye nimwache?"

Binti akaja akachukua ncha nyingine ya chandarua, wakaendelea kukunja.