Gunia la Kutu Nyuma ya Kiti Changu

Siku hiyo Masara tulikuwa watano. Mimi, wifi yangu, yaani dada ya marehemu mume wangu, binti yangu aliyeolewa huko, mume wake, na jirani yao, Mwislamu kutoka pwani anayeuza chai na chapati ng'ambo ya ua. Majina yao yote ninayo kichwani, lakini hapa nayaacha.

Mimi na wifi tulitoka kwetu Magunga na kikapu cha mayai ya kuchemsha. Tulipokaa tu sebuleni kwa binti yangu, harufu ikaingia. Mayai mabovu kabisa.

"Wifi, ulimnyang'anya kuku anayeatamia?" wifi yangu akaninong'oneza.

"Nyamaza!"

Aibu ikanijaa. Nikachukua kikapu niende kumwaga shimoni. Jirani akaniwahi uani, akamenya yai moja, akatafuna.

"Mama, haya mazima! Linalonuka ni pipa la mkweo. Wateja wangu wametoroka wote. Nimemwambia, likinuka mpaka jioni, alitoe hapa."

Nikarudi, nikambana binti yangu. Kumbe mume wake anachoma makaa ya mawe ndani ya pipa kwa hewa kidogo, yanatoa gesi ya kuendesha injini ya kusaga mawe ya dhahabu. Ndio kazi inayowalisha. Sasa, ndani ya makaa hayo mna salfa, na hiyo ndiyo inanuka. Gesi hupitishwa kwenye sanduku la unga wa kutu, kutu inaishika salfa. Lakini kutu ya sandukuni ilikuwa imechoka, haishiki tena.

"Si aweke nyingine?"

"Mama, gunia liko nyuma ya kiti chako."

Haya basi! Kwetu mkwe haingii chumba alichokaa maro, yaani mama wa mke wake. Vijana wengi wameacha. Huyu wangu ameshika. Alikuwa amesimama nyuma ya nyumba akingoja nitoke, nami nilikuja kushinda. Binti yangu naye aliona aibu kuniambia nisogee.

Nikaburuta gunia hadi mlangoni, nikageuza uso ukutani. "Mwambie mumeo achukue." Nikasikia nyayo, gunia likaenda.

Jioni jirani alikuja uani, akanusa, akanusa tena. "Haya, pipa likae." Akatuita kwake sisi wanawake watatu, tukala chapati na mayai yangu, tukacheka mpaka wifi akapaliwa na chai.

Wifi hushikilia kwamba yeye ndiye aliyeburuta gunia, mimi nilishika kona tu. Binti yangu, wewe ulikuwa unatutazama. Ukisoma hapa uone nimekosea, nisahihishe. Na yeyote aliyesikia vingine kutoka Masara, aniambie pia.