Mikwaruzo Juu ya Paa la Gari Jeusi

Jirani yangu hapa Dodoma huosha gari lake kila Jumamosi, na akishalikausha hufungua kikopo cha nta. Harufu ile hupanda ukuta ikaingia kwangu, nzito, tamu kidogo, yenye kuelekea kwenye mafuta ya taa. Mume wangu husema inamuumiza kichwa. Mimi huniumiza sikio la kushoto, na ukinivumilia kidogo utaona kwamba sitanii.

Nilikulia Singida mjini. Baba alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni, na mama akabaki na mimi na cherehani. Tuliishi chumba kimoja cha uani, kwa mfanyabiashara wa alizeti ambaye wazee wake walitoka Tanga. Tulimwita Baba Rukia. Cherehani ya mama alimruhusu aiweke kwenye baraza yake ya mbele, mahali pazuri kuliko pote mtaani, penye kivuli na wapita njia. Kwa hiyo tuliishi kwa adabu. Mama alikuwa na msemo wake: "Aliyelazwa barazani hakohoi." Nilidhani anazungumzia mafua.

Rukia, binti wa mwenye nyumba, alikuwa rika langu. Tulikalia dawati moja, tulinyolewa siku moja, na mmoja akipata chawa mwingine hakuchelewa. Kwao walikuwa wanasali msikitini na sisi kanisani, kwa hiyo sikukuu zetu zilikuwa mara mbili ya sikukuu za watoto wengine, na hilo tuliliona kuwa ujanja wetu wenyewe.

Zilikuwa enzi za ruksa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalianza kujaa sabuni za kunukia, betri, na redio za kaseti. Marobota ya mitumba yakafunguliwa sokoni, na watu waliozoea kaptura zenye viraka wakaanza kutembea na makoti ya baridi juani. Ndipo Baba Rukia naye akashuka Dar es Salaam, akarudi na gari. Lilikuwa limetumika huko Japani, bado lina karatasi zenye maandishi ambayo hata mwalimu mkuu alishindwa kuyasoma. Lilikuwa jeusi. Usiku ukitazama mlango wake uliona taa ya dukani ikiwaka ndani yake kama iko ndani ya kisima. Mchana tulijitazama meno.

Baba Rukia hakumruhusu mtu kuliosha. Kila Ijumaa asubuhi alilisogeza kivulini, akalimwagia maji mengi kwanza, kopo baada ya kopo, kisha akalipitia taratibu na mashati laini ya mtumba. Sisi tulikaa mbali tukimcheka. Sufuria hatukuosha hivyo. Sufuria tulisugua kwa mchanga na majivu mpaka mkono ukauma, na ndiyo maana zilimeta.

Siku yenyewe, Baba Rukia alikuwa amekwenda Misigiri na lori kununua alizeti, na gari limebaki nyumbani. Dada yake Rukia alikuwa amechumbiwa, na mchana ule ukaja ujumbe kwamba washenga watafika jioni. Upepo wa Singida nao ulikuwa umeshafanya kazi yake: gari lilikuwa la kahawia. Mama Rukia alitoka nje, akalitazama, akashika kiuno.

"Wageni waje wakute hili? Eli," akanigeukia mimi, "leta maji. Rukia, chukua sabuni ya unga."

Yeye mwenyewe alichana gunia la katani, akatupa kila mtu kipande. "Sugueni mpaka ling'ae."

Tukasugua. Mimi na Rukia tulichukua milango, kwa mizunguko mikubwa kama tunavyosugua masufuria, povu likitutiririka hadi kwenye viwiko. Mama Rukia alisugua boneti, kisha akapanda kigoda akamalizia paa, upande huu na upande ule, akiimba kwa furaha ya mama mwenye binti anayeposwa. Mama yangu alikuwa pale barazani, anashona. Gari lilipolowa lilikuwa zuri ajabu. Washenga walikuja jua likizama, wakalisifu, wakanywa chai, wakaondoka.

Baba Rukia alirudi kesho yake saa za jua kali. Alikuwa anacheka na dereva wa lori, kisha cheko likakatika. Alilizunguka gari polepole. Mahali jua lilipopiga juu ya rangi ile nyeusi palionekana nyuzi nyembamba zisizo na hesabu, duara ndani ya duara, kama buibui wote wa mkoa walilala pale. Ukisogea, utando nao unasogea.

"Nani amelishika gari hili?"

Mama Rukia alitoka jikoni akijifuta mikono. Alitazama gari, akamtazama mumewe, kisha akanitazama mimi. Nakumbuka vizuri jinsi macho yake yalivyopita juu ya kila mtu na kutulia kwangu.

"Huyu mtoto wa fundi. Mimi nipo jikoni, natoka nje namkuta na gunia mkononi."

Nilingoja acheke. Hakucheka.

"Rukia," akasema baba yake. "Ni kweli?"

Rukia alitazama vidole vyake vya miguu. "Ni Eli, baba. Nilimkataza."

Ile "ni Eli" ningeweza kuisamehe siku hiyohiyo. Alikuwa anauogopa mkanda wa baba yake, na hata mimi niliuogopa. Lakini "nilimkataza" hakuna aliyemwomba. Aliiongeza mwenyewe, kama mtu anavyoongeza chumvi.

Nikageuka barazani. Cherehani ilikuwa imenyamaza. Mama aliinuka, akaja, nami nikapumua kwa sababu aliyeona kila kitu alikuwa anakuja. Akanishika sikio la kushoto, akanivuta mpaka miguuni kwa Baba Rukia.

"Piga magoti. Omba msamaha."

Nikapiga magoti. Nikaomba msamaha. Kwa miaka mingi baadaye nilijiambia kwamba labda jana yake mama alikuwa ameinamia sindano, hakuona.

Baba Rukia hakunipiga. Alisema kwa kuwa gari lile ndilo litakalombeba bibi harusi, nitamsaidia kulirekebisha kila nikitoka shule. Alikuwa na kopo la dawa nyeupe nzito, kama dawa ya meno, aliyopewa na mtu wa bandarini pamoja na nta yenye harufu ileile ya jirani yangu. Tulilisogeza gari kivulini, bodi ikapoa, tukalimwagia maji.

"Gari jeusi halisuguliwi," aliniambia. "Linabembelezwa. Vumbi la huku ni mchanga mtupu. Ukilifuta kavu, umelipiga msasa."

Alinifundisha kuchukua dawa kidogo kwenye flana ya mtumba, kufanyia kazi kipande kisichozidi sinia, mkono mwepesi, kwenda na kurudi kwa mstari ulionyooka. Kitambaa kikichafuka, geuza upande. Kikidondoka chini, kitupe, hata kama kinaonekana safi. Nilimuuliza dawa inaziba mikwaruzo vipi. Akasema haizibi. Inapunguza rangi iliyouzunguka mkwaruzo mpaka kina chake kiishe, ndiyo maana anayesugua kwa pupa hubaki na bati. Baada ya hapo ndipo nta.

Nitakuwa mwongo nikisema niliteseka. Kazi ile niliipenda. Nyuzi zilikuwa zikififia chini ya mkono wangu, weusi unarudi, na Baba Rukia, mtu ambaye zamani nilimwambia shikamoo tu nikakimbia, alikuwa akiniambia, "Vizuri, binti." Nilianza kumpenda kama nilivyodhani watoto wengine wanavyowapenda baba zao.

Paa tuliliacha mwisho. Alinipa kitambaa, akasema nianze upande wangu. Nikasimama kwa vidole vya miguu, nikanyoosha mkono wote. Ukavuka ukingo wa paa kidogo tu, ukakomea hapo. Baba Rukia alikuwa upande wa pili. Aliutazama mkono wangu. Kisha akatazama katikati ya paa, ambako duara zilikuwa nyingi na kubwa kuliko kwingine kote. Kisha akageuza shingo, akatazama kigoda kilichokuwa mlangoni mwa jikoni, na mkewe aliyekikalia akichambua mchele.

Akanyoosha mkono, akachukua kitambaa changu.

"Basi, Eli. Hapa nitamalizia mwenyewe. Nenda kacheze."

Nilikimbia uani kwa furaha. Ameona! Jioni yote nilikaa karibu na mlango wao, nikingoja sauti yake ipande, nikingoja kuitwa. Nilimsikia akila. Nilimsikia akifungua redio. Kesho yake Mama Rukia alinipita akaniita "mharibifu" kama kawaida, na Baba Rukia alikuwa hatua chache nyuma yake, anahesabu magunia ya alizeti, hakuinua uso.

Siku ya harusi gari lilikuwa kama siku lilipokuja. Watoto wote wa nyumba ile walipakiwa kwenye lori kumsindikiza bibi harusi hadi Ikungi. Mimi niliambiwa nibaki, nisije nikagusa gari tena. Rukia alinipungia mkono kutoka juu ya lori. Nami nilimpungia.

Baba Rukia alifariki miaka michache iliyopita, tukaenda msibani. Rukia alinikumbatia, tukalia sana. Kisha akawaita watoto wake. "Huyu ndiye mama yenu mdogo, Eli, aliyelisugua gari la babu yenu kwa gunia. Nilimkataza, hakusikia!" Wote wakacheka, na yeye akacheka kwa moyo mweupe kabisa. Nilimtazama machoni nikaona hadanganyi. Anaamini.

Siku ile nilipofika kwa mama nikamkuta anapepeta mtama. Nikamuuliza, baada ya miaka yote ile, kama alituona.

"Nilikuoneni," akasema. "Nyinyi wawili. Na yule juu ya kigoda."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, jioni ingetukuta barabarani na cherehani kichwani."

"Hata tukiwa wawili tu, chumbani?"

Ungo ulisimama. "Ningekuuliza, ungenieleza, mwanangu. Na mimi nikishasikia kwa masikio yangu, ningewezaje kukaa tena pale barazani nikashona?"

Utotoni niliamini kwamba nilikosa shahidi. Nilikuwa nao wa kutosha. Kila mtu mzima katika ua ule alijua, na kila mmoja alikuwa na kitu cha kulinda: huyu ndoa, yule heshima ya mke, mama yangu paa letu. Nimemwelewa mama, ningekuwa yeye, huenda ningefanya hivyohivyo. Lakini mtoto yule hakuwa anadai harusi wala baraza. Alitaka mkubwa mmoja tu, hata kwa kunong'ona, ainame amuulize, "Eli, ilikuwaje?"