Jina la Mkwe Wangu

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, pale Kisarawe, enzi za Mwingereza. Nilikuwa karani kijana wa hospitali, nimekaa na sanduku langu la kadi za wagonjwa. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, nami nilijua hivyo. Ujana nao!

Akaingia mkwe wangu, mama yake mke wangu Zaina, katoka Marui kwa miguu, kifua kinambana. Nilimwamkia macho chini, maana kwetu jina la mkwe halitamkwi. Hata wali wake wa nazi niliula chumbani peke yangu. Lo, wali ule! Sijaupata tena.

Mzee Pazi, dresa wetu wa kufunga vidonda na kupiga sindano, alituwekea utaratibu: karani ataje jina, mgonjwa aitikie, ndipo kadi yake itafutwe. Haya ikanishika. Nikachukua kadi mpya nikaandika "Mama Zaina".

Kadi yake ya zamani, iliyobaki sandukuni, ilisema asipigwe sindano ya penisilini, ilishamvimbisha koo. Mpya haikusema kitu, na mwenyewe hakujua sindano zinatofautiana. Mzee Pazi akampiga hiyo hiyo penisilini. Adhuhuri haikufika, mkwe wangu akafariki.

Mzee akaitafuta ile kadi ya zamani, akanitia mkononi. Hakupaza sauti.

"Heshima ya mkwe ungeiacha mlangoni," akasema. "Humu ndani heshima yake ilikuwa jina lake."

Nilimweleza Zaina yote. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Binti yetu wa kwanza alipozaliwa akampa jina la bibi yake, Mwanahawa, kama ilivyo desturi. Watu wakanishauri nimwite Bibi tu, nikakataa. Jina nililoshindwa kulitaja mara moja, nimelitaja kila siku tangu hapo. Hata leo, Zaina naye keshatangulia, nikiita "Mwanahawa!" uani, natamani aitike yule wa Marui. Huitika binti yangu.

Basi wewe unayekwenda kushika kadi za wagonjwa huko Kibaha, usione haya kuuliza jina, hata la aliyekuzaa. Mtu ana kadi moja. Itafute mpaka uipate, kisha irudishe mahali pake mwenzio aikute. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha jina, nikazika.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe subira ya kutafuta, na kila utakayemwita aitike.