Sweta la Baba Kichwani Mwangu

Wajukuu zangu wanasuka nywele ili za asili ziote, halafu wananifundisha mimi, kana kwamba nimezaliwa jana. Mimi nilifanya hayo wakati wa vita ya Kagera, tena kwa sweta.

Nilikuwa na mchumba wa Nemba, yuko vitani. Nikataka kuonekana wa mjini, nikachoma nywele kwa kitana cha moto. Zikaungua. Juu makapi, chini kipilipili kinachungulia. Mara habari ikafika kwetu Ngara: mama yake mchumba anakuja Jumamosi kunitazama. Alikwisha kataa wasichana wawili.

Shangazi akanigeuzageuza kichwa kama anayechagua mbuzi.

"Usinyoe, atadhani unaumwa. Tuzungushie uzi, zilizoungua zijifiche, zako ziote."

Uzi wenyewe uko wapi? Duka la kijiji lilibaki na rafu na muuzaji anayesinzia. Shangazi akaanua sweta jekundu la baba, akafumua mkono mmoja. Nikapata pembe nane nyekundu, nzuri mno. Baba alilivaa hivyohivyo, bega moja nje, amenuna.

Jumamosi asubuhi tukaenda shamba la kijiji. Siku hizo tulikwisha funika bati la duka kwa majani ya migomba, ndege za adui zisilione. Mkuu wa mgambo akaniona.

"Wee binti! Hizo pembe rubani anaziona kabla hajapaa!"

"Mwambie atue, nimsuke na yeye."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Akanifunika majani kichwa kizima kama lile duka.

Ndivyo mama mkwe alivyonikuta, nimeshika jembe, majani yananing'inia hadi puani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu anaoa mtu au anaoa banda?"

Akanyanyua majani, akavuta pembe moja, akaichungulia shinani. Nikajua kwisha habari yangu.

"Kitana cha moto?" akaninong'oneza.

"Ndiyo, mama. Na uzi ni mkono wa sweta la baba."

Akatazama huku na huku, akalegeza kilemba chake. Yeye kaungua kuliko mimi! Utosini palikuwa kama shamba lililopitiwa na ng'ombe.

"Mkwe wangu," akasema, "hilo sweta lina mkono wa pili?"

Nilipoolewa, baba alikuja kanisani na kizibao chekundu, akiwaambia watu ndivyo kilivyoshonwa.