Kibuyu Nilichokigawa Kama Nyongeza

Ipo Jumapili moja ya mavuno ambayo nikiikumbuka, mwanangu, mpaka leo masikio yananiwaka. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, shati la maua makubwa na mdomo usioona haya. Hapa Hombolo hapakuwa na mtu asiyeijua sauti yangu. Ukinisikia ninavyokohoakohoa sasa hutaamini, lakini muulize mama yako. Ndiyo sauti iliyomnasa, ingawa yeye hukana.

Miaka ile ruksa ya biashara ilikuwa imeshika kasi. Nguo ambazo zamani tulizipangia foleni, sasa zilimwagwa chini sokoni ukachagua mwenyewe. Mimi nilikuwa nauza mitumba pale Majengo, Dodoma mjini, na kila Jumamosi nilidandia lori la mazao nikarudi nyumbani. Nilikuwa nasimama juu ya robota la nguo, napiga makofi, naita, nawatania wapita njia, na watu walisimama hata wasiokuwa na nia ya kununua. Kitu kikidoda nilikuwa na dawa yake: nakifanya nyongeza. Chukua koti, na soksi hizi nakuongezea. Mteja anacheka, koti linaondoka, na soksi zenye tundu zinaondoka nalo. Nilijiona nimeshaijua dunia.

Basi Mzee Nehemia, mzee wa kanisa letu aliyekuwa akinadi mavuno tangu mimi natambaa, sauti ikaanza kumkauka. Mwaka huo akaniambia ninadi mimi. Nilifurahi mpaka nikakosa usingizi. Unajua desturi yetu ilivyo: baada ya kuvuna, kila mtu analeta kanisani alichojaliwa, debe la uwele, karanga, kuku, hata mbuzi kwa mwenye nazo, na ibada ikiisha vinanadiwa pale nje kwa ajili ya kazi ya kanisa. Lakini bei haianzi kwanza. Mnadishaji anakiinua kitu, anamtaja aliyekileta, anamwuliza anamshukuru Mungu kwa lipi. Mwenyewe anasimama, anasema neno lake, watu wanapiga vigelegele, ndipo bei ianze. Mzee Nehemia alinieleza haya yote taratibu, nami nikawa naitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee, huku kichwani nimeshafika mnadani.

Siku ikafika, na nisikudanganye, ilikuwa raha tupu. Uwanja ulijaa. Upepo wa kipupwe ulikuwa unapeperusha vitambaa vya kina mama, kwaya imepasha ngoma, na watu waliniitikia kila nilipofungua mdomo. Watu wanne wa mwanzo niliwapa nafasi ya kushukuru kama nilivyoagizwa. Wa nne alikuwa mama mmoja aliyeanzia kwenye harusi yake akaja mpaka kwenye ndama aliyezaliwa wiki iliyopita. Nikaona watu wanaanza kupiga soga, mnada unapoa. Nikasema moyoni, hapana, mimi sikuja kupooza mnada. Nikaanza kuyaruka maneno ya shukrani, nikaenda na bei tu, na uwanja ukachangamka.

Siku hiyo alikuwepo Fundi Ramadhani, mchomeleaji vyuma kutoka Kizota, kule mjini. Alikuwa amekuja kupima madirisha ya kanisa tuyawekee nondo, akasimama pembeni kutazama, macho yake yakaangukia jogoo mmoja mwekundu. Akataja bei, mwenzake akapanda, fundi akasita. Nikatupa jicho mezani. Palikuwa na kibuyu kidogo, kimezibwa kwa gunzi, ndani yake mboga yetu ya mlenda, iliyokaushwa ikatwangwa. Nikakinyakua.

"Panda kidogo tu, fundi," nikasema, "na kibuyu hiki nakuongezea, maana jogoo wa Ugogoni hasafiri bila mlenda."

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mchungaji mwenyewe alicheka. Fundi akapanda, akaondoka na jogoo kwapani na kibuyu mkononi.

Sasa sikiliza jambo ambalo nilikaa miaka bila kumwambia mtu. Kibuyu kile kilikuwa cha Bibi Damari, mjane aliyekuwa akiishi ng'ambo ya bwawa. Nilipokiinua, bibi yule alisimama. Alijua zamu yake imefika. Alikuwa anaiweka sawa kanga yake mabegani, kama mtu anayejiandaa kusema mbele za watu na hajazoea. Nilimwona. Ningeweza kujitetea kwamba kulikuwa na vumbi na kelele, lakini nilimwona kabisa, nikampita. Alikaa chini polepole, na baadaye nilipotazama tena hakuwepo.

Mnada ulipoisha nikamfuata Mzee Nehemia, nasubiri sifa. Nilikuwa nimekusanya kuliko mwaka uliotangulia, na nilimwambia hivyo. Akaniuliza, "Bibi Damari amekuja kushukuru kwa lipi?"

"Sijui, mzee."

"Na mimi sijui. Mchungaji hajui. Kanisa zima halijui." Akachukua fimbo yake. "Mitumba haina mwenyewe, Yoeli, ndiyo maana unaigawa upendavyo. Hapa kila kitu kina mwenyewe, na ametembea nacho toka nyumbani."

Akaondoka zake. Angenitukana ningepata la kujibu, maana kwa kujibu nilikuwa hodari. Nilibaki nimesimama kati ya maganda ya karanga na manyoya ya kuku, na furaha yote ya siku ile ikanitoka.

Jumatatu sikwenda Majengo. Nilichagua koti zuri kuliko yote niliyokuwa nayo, la sufu, nikazunguka bwawa mpaka kwa Bibi Damari. Nilimkuta anapepeta uwele. Nikamwamkia shikamoo, kisha nikaongeza na mbukwa yetu ya Kigogo ili nionekane mtoto mwema. Aliniitikia vizuri, akanipa kigoda, akaniuliza habari za mama yangu. Ule upole wake ulinitesa. Nikamnyooshea koti, nikasema limetoka kwangu, kwa ajili ya kile kibuyu.

"Mjukuu wangu," akasema, "mimi sikuja pale kuuza mlenda."

Koti akalikunja vizuri, akaniwekea magotini. Nikamwuliza, basi bibi, niambie ulikuwa unashukuru nini, nami nitawaambia watu. Akaendelea kupepeta. Akasema Mungu ameshasikia, inatosha, na kwamba mwakani atashukuru akiwa nyumbani kwake, kwani kanisani pana haraka. Alisema bila hasira. Lakini mkono wake ulisimama juu ya ungo alipokuwa anasema, na mimi nikajua kwamba ana jambo kubwa ndani ambalo alitamani litoke, na mimi ndiye niliyelifungia mlango.

Hapo, mwanangu, ndipo ilipoanza mbio. Nikaona lazima nikipate kibuyu kile kabla hakijaishia chunguni. Kesho yake nikadandia lori mpaka mjini, nikashuka Majengo, wenzangu wakaniita nije kwenye robota, nikawapungia mkono na kunyoosha mguu kwenda Kizota. Kila karakana nilisimama kuuliza. Kwa Ramadhani yupi, wananiuliza, wa magurudumu au wa madirisha? Wa madirisha. Nikaelekezwa huku, nikarudishwa kule, jua linanichoma, naomba njia nzima mkewe asiwe amepika mlenda.

Nilimkuta amevaa miwani yake myeusi, cheche zinaruka. Nikamweleza kwa pupa mpaka akanambia nirudie. Aliponielewa akazima mashine.

"Mimi nilidhani ni kitu kilichobaki hakina mtu," akasema. "Kumbe nimebeba shukrani ya bibi wa watu."

Akaingia ndani, akatoka na kibuyu. Kilikuwa bado na gunzi lake. Mkewe, mtu wa pwani, alikuwa hajui mlenda mkavu unapikwaje, akawa anamsubiri jirani wa Kigogo aje kumfundisha. Kwa furaha nilirukaruka pale kama mwendawazimu, nikanyoosha mikono kupokea. Fundi akakirudisha nyuma ya mgongo wake.

"Wewe sikupi. Nimeshaona unavyogawa vitu vya watu. Jumapili naleta madirisha, nitakileta mwenyewe."

Alikuwa ananitania, lakini hakunipa kweli. Na kumbuka, yule hakuwa mtu wa kanisa letu. Alikuwa Mwislamu, hana deni lolote kwetu, ila alifahamu upesi kuliko mimi niliyezaliwa ndani ya kwaya.

Jumamosi nikarudi kwa Bibi Damari. Sikubeba koti wala kitu chochote. Nikapiga magoti pale uani, nikasema, "Bibi, nilikuona umesimama, nikakupita. Nisamehe." Nikamwambia kibuyu kinarudi kesho, na nikamwomba aje. Akaniinua kwa mkono. Kisha akasema, "Nitaona nitakavyoamka."

Siku ya pili ibada ilinipita bila mimi kujua kilichohubiriwa. Macho yangu yalikuwa mlangoni. Nyimbo zikapita, matangazo yakapita, Fundi Ramadhani ameshashusha madirisha yake na amekaa nje na kibuyu mapajani. Bibi Damari hayupo. Mchungaji, ambaye nilimweleza yote asubuhi, akanitazama, nami nikarudisha macho mlangoni. Tulipokuwa tunatoka nje ndipo nikaiona kanga yake, anakuja polepole kwa njia ya bwawa. Amini usiamini, nilikimbia kumlaki mbele ya watu wote.

Mchungaji akawaomba watu wasiondoke. Fundi akanikabidhi kibuyu kwa mikono miwili. Nikakiinua, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuwa na utani. Nikasema kibuyu hiki kina mwenyewe, anaitwa Bibi Damari, na wiki iliyopita mimi nilimnyima nafasi ya kusema. Nikamwuliza mbele ya wote, "Bibi, unamshukuru Mungu kwa lipi?"

Alisimama. Akafungua mdomo, sauti ikagoma. Watu wakasubiri. Zamani ningeruka. Nilisubiri. Mwishowe akanivuta sikio, akaninong'oneza. Mwanawe Mika, aliyekwenda kuchimba vito kaskazini akapotea miaka sita, mpaka watu wakamshauri akate tamaa na kuweka matanga, ameandika barua. Mzima. Anarudi.

Mimi, mwenye mdomo wangu, nilisimama pale machozi yananidondoka kwenye shati la maua.

"Sema, mjukuu wangu," akaniambia. "Sauti yangu ndogo. Mungu amekupa wewe kubwa, nitangazie."

Nikatangaza. Sijawahi kuita mteja yeyote Majengo jinsi nilivyoita siku ile. Nikasema Mika yu hai, Mika wa Bibi Damari yu hai, anarudi nyumbani, na ule uwanja ulilipuka. Vigelegele, ngoma, kina mama wakambeba bibi juujuu na yeye anawaambia wamshushe huku anacheka. Fundi Ramadhani akataja bei ya kwanza ya kibuyu. Mzee Nehemia akapanda. Aliyekinunua alikirudisha kinadiwe tena, na mwingine naye akakirudisha, hivyo hivyo mpaka sauti ikanikauka. Mwisho wake kilikwenda kwa mke wa fundi, na Bibi Damari akafunga safari ya Kizota kumfundisha kuupika mlenda.

Mika alirudi mvua zilipoanza, amekonda, na mama yake alimpokea. Lakini nawaza kila mara, mwanangu, kwamba shangwe ile nusura izikwe ndani ya nyumba moja ng'ambo ya bwawa, kwa sababu kijana mmoja alitaka watu wacheke.

Sasa nawe umechaguliwa kuongoza vijana kanisani, nami nakuusia hivi. Usifikiri wema wa Kikristo ni kugawa makoti. Makoti yanagawika bila moyo, mimi nilikuwa nayo robota zima. Wema ni kumwona aliyesimama. Ni kumwuliza mtu ana nini moyoni na kumngojea mpaka apate kusema, hata kama watu wanachoka, hata kama yeye ni wa mwisho na mikono yake imebeba kitu kidogo. Bwana wetu hakumpita mtu wa namna hiyo njiani, na sisi tunaojiita wake hatuna ruhusa ya kumpita. Ukikosea, nenda umwambie uliyemkosea kosa lako lilivyo, usilifunike kwa zawadi. Na kipaji chako, kiwe sauti, kiwe elimu, kitumie kumwinua yule asiyeweza kujiinua. Utaona furaha yake, haifanani na ya vicheko.

Mungu akupe macho ya kuona na masikio yasiyo na haraka. Akulinde uingiapo na utokapo, na siku utakaposimama wewe na kitu chako kidogo mkononi, akuwekee mtu wa kukungoja. Amina.